"Hard" na "Hardly" Bondeni Mkondoa

"Hard" na "hardly" ni vielezi viwili vya Kiingereza vinavyofanana sura na kugombana kwa maana. Cha kwanza ni kwa nguvu au kwa bidii. Cha pili ni kwa kiasi kidogo mno, hatua moja kabla ya hapana.

Kwenye Reli ya Kati ya Tanzania, kipande cha kutoka Kilosa kupitia Munisagara hadi Kidete kinaandamana na mto Mkondoa, na huko tofauti hiyo ina uzito. "It rained hard" maana yake mto umekula tuta na mataruma yananing'inia, kama mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalipoikata njia. "It hardly rained" maana yake hata vumbi halikutulia, treni ipite. Anayeripoti "It rained hardly" huwaacha mafundi njia panda, wasijue wabebe sururu au warudi kulala.

Kosa hili huwapata watiifu. Shuleni hufundishwa kwamba kivumishi kikiongezewa -ly huwa kielezi: "quick" huzaa "quickly", "slow" huzaa "slowly". Mtoto aliyeishika kanuni barabara huandika "My father works hardly", na baba aliyeshinda juani akishindilia kokoto anageuka mvivu wa kijiji. Mtoro ambaye hakuisikia kanuni huandika "hard" na kupata vema, jambo linalowaudhi walimu kwa haki kabisa.

Zamani "hardly" nacho kilimaanisha kwa nguvu. Kikateleza hadi kwa taabu, kisha kwa taabu kiasi cha kukaribia kutokuwepo. Mteremko huo Mswahili anaujua: anayepumua kwa shida bado anapumua, ila ndugu wameshaanza kupigiana simu.

Nafasi zao katika sentensi pia ni mbali. "Hard" hufuata kitenzi. "Hardly" kwa kawaida hukitangulia kitenzi kikuu, na kwa kuwa kina ukanushi ndani yake, hakihitaji "not" ya kukisaidia. Vyote viwili huweza kukaa pamoja bila kuvunja sarufi: "He hardly works hard." Kinachovunjika hapo ni urafiki.

"Late" na "lately" ni jozi ya ukoo huohuo, ingawa haina ukali. "Late" ni kwa kuchelewa, "lately" ni siku za karibuni. Na abiria aliyekaa stesheni na kuku wake tangu alfajiri anaweza kuvitumia vyote katika lalamiko moja, kila kimoja mahali pake.