Nilikwenda Aggrey Kutafuta Tabu

Neno kishikwambi wengi wetu tulilizoea mwaka 2022, makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba wamevikumbatia kama watoto wachanga. Sensa ikaisha, tukaambiwa tuko milioni 61 na ushee, vishikwambi vikapelekwa kwa walimu. Nikadhani habari imeishia hapo. Kumbe mwalimu mmoja ni jirani yangu, na ni shoga wa mke wangu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala Rangi Tatu: saruji, misumari, rangi, mabomba, na kauntabuku moja ya kwaya 4 inayobeba madeni ya mafundi wote wa huku kwetu. Siku hiyo mke wangu akaifungua, akakuta ukurasa mmoja umelowa tina na mwingine umechanwa kufungia bawaba.

"Baba watoto, mwalimu anawaandika wanafunzi wake wote kwenye kishikwambi. Wewe misumari inakushinda?"

Nikamwambia mwanafunzi akiitwa jina anaitika, msumari hauitiki. Hakucheka.

Basi nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Huko kishikwambi hawakijui. Wao wanasema "tab", na Mswahili akikuta neno limeishia hewani hulitafutia irabu ya kukalia. "Karibu mzee wangu, tabu zipo za kila aina!" Nikamjibu kijana muuzaji kuwa hata nyumbani zipo.

Akaniuliza ya inchi ngapi. Hapo nikajiona nimefika kwetu, maana inchi ndizo zinazonilisha. Nikasema 10. Akanipa moja, nikatoa tepu mfukoni nikapima kioo: upana nane na nusu, kimo tano na kidogo. Kumi iko wapi? Kijana akanionyesha kwa kidole, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Yaani hawa wenzetu wanapima mshazari! Mimi nikimpimia fundi ubao kona kwa kona, ubao ule ule utanirudia kichwani.

Tukaja kwenye nafasi. Boksi limeandikwa GB 64. Tukafungua mipangilio, nikakuta sehemu nzuri imekwisha kuliwa na mfumo wenyewe, na mimi sijaingiza hata msumari mmoja. Wakulima wanalalamikia lumbesa, gunia kujazwa hadi kuota kichwa. Hii ni lumbesa ya kinyume: gunia umeuziwa kamili, ukilifungua muuzaji amekaa ndani.

Akaniletea iPad iliyotumika, inang'aa, bei ya kirafiki. Kuiwasha, ikaomba neno la siri la mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi? "Dubai, mzee." Nikairudisha mezani taratibu, nikafuta na alama za vidole vyangu.

Kitu nilichokipenda kweli kilikuwa kizito, kimeandikwa IP68. Kijana alieleza vizuri, nampa haki yake: ile 6 ni vumbi, haliingii kabisa, ile 8 ni maji. Kwa mtu anayeshinda amezungukwa na mifuko ya saruji, hicho ndicho kifaa. Nikaigeuza bei kuwa mifuko, nikaona lori zima linaondoka.

Nikachukua ya bei ya chini, isiyo na sehemu ya laini, ya Wi-Fi peke yake. Hili ndilo kosa nitakalozikwa nalo. Programu ya mauzo niliyoiweka humo inataka mtandao, na duka langu halina Wi-Fi. Wi-Fi ni simu yangu, simu iko mfukoni mwangu, na Jumatatu na Alhamisi mfuko wangu uko Kariakoo kufuata mzigo. Nikiondoka naondoka na mtandao wa duka. Saa nne kijana wangu wa dukani anapiga:

"Bosi, tabu imegoma. Huyu fundi nimwandike wapi?"

"Kwenye kauntabuku."

"Si ulisema niifiche mama asiione?"

Baadaye ndiyo nikaambiwa zipo programu zinazotunza mauzo humo humo ndani hadi mtandao urudi. Swali hilo huulizwa kabla ya kulipa. Mimi nililiuliza nikiwa nimeshailipia yangu mwaka mzima.

Vumbi nalo lilitaka kava. Kava pekee lililoikaa vizuri, nene, la mpira, la kuhimili kuanguka, lilikuwa la watoto: la waridi, lina masikio ya sungura. Nimelinunua. Fundi wa zege akija kukopa mifuko 10 ya saruji, sungura anamwangalia.

Na kukopa kwenyewe kumekuwa kazi. Nilitaka kila anayekopa abonyeze "nakubali". Kumbe kioo hiki hakisikii nguvu ya kidole. Kinahisi ngozi inavyopitisha umeme mdogo. Sasa ngozi ya mtu aliyeshika saruji miaka 20 imeshakuwa kigae. Anabonyeza, anabonyeza, kioo kinamwona ni kifusi. Mmoja ilibidi abonyeze kwa kiwiko. Mwingine alifurahi mno, akasema kama mashine imekataa, basi deni hakuna.

Programu nayo haijawahi kuuza duka la mtaani. Inataka kila kitu kiwe na idadi. Mteja wangu anasema, "Nipe misumari ya buku." Hiyo ni mingapi? Ni ile inayojaa kiganjani, inategemea kiganja cha nani na kama tunasalimiana. Nikaandika kilo, ikaniuliza kilo ngapi. Nikaweka sifuri nukta nikakwama, foleni nyuma inakohoa.

Mwezi ulipoisha mke wangu akaomba ripoti. Kauntabuku ilikuwa na adabu zake: pesa ninayochota kwenye droo ilikuwa ikiandikwa "matumizi", pembeni, kwa penseli. Programu haina pembeni. Inauliza nani amechukua. Na kijana wangu, kwa uaminifu ambao siku moja nitamlipa, alikuwa akijaza: Bosi. Bosi. Bosi. Ikawapanga wadaiwa kuanzia mkubwa kushuka chini. Yule wa mifuko 10 ya saruji alikuwa wa pili.

Siku hizi tabu inalala chumbani kwetu, upande wa mke wangu, kwenye chaji, masikio yametokeza juu ya shuka. Kauntabuku nimenunua nyingine, ya kwaya 2. Iko nyuma ya ndoo za rangi ya mafuta, pamoja na penseli yake.