Shangazi, Ile Si Gongo

Minneapolis, Minnesota
Februari

  Shangazi, salamu za pekee kwa Baba Mkubwa hapo Marangu, maana nasikia ndiye aliyepeleka maneno mpaka kwa mjumbe kwamba mtoto wa marehemu mdogo wake anapika gongo Marekani. Nimeambiwa aliikuza ile picha niliyoituma kwenye kundi la ukoo mpaka koili ikajaa kioo chote cha simu, akavua miwani, akasema: "Hii naijua. Mwenye nayo alifungwa."

Basi naomba umsomee barua hii taratibu. Ukifika kwenye habari za sheria, rudia mara mbili.

Ni kweli ile ni koili ya shaba nyekundu, na ni kweli imezungushwa kama ya mtambo. Ila kwenye mtambo wa gongo mvuke ndio unaopita ndani ya mrija na maji ya baridi yako nje. Mvuke ukipoa unadondoka kwenye chupa, na kesi inaanzia hapo. Yangu mimi ni kinyume. Maji ya bomba yanapita ndani, pombe iko nje, imeizunguka koili ndani ya sufuria. Kinachotoka upande wa pili ni maji ya moto tu. Baba Mkubwa akitaka kuyaonja, karibu sana, glasi ipo.

Wanaume wa hapa, hasa waliokwisha kustaafu na kuchoka kuvua samaki, wana mtindo wa kupika bia nyumbani. Ndiyo, Shangazi, wanaume. Najua huko kwetu mwanamume akionekana karibu na pipa la mbege amekuja kukopa. Hapa wanapika wenyewe, wanapimia kipimajoto, na wakikutana hawazungumzi kingine. Kazi yenyewe ungeijua ukiiona. Kimea cha shayiri kinalowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hivi kwa saa moja, yanachujwa maji matamu, togwa kabisa, halafu yanachemshwa saa nyingine pamoja na hopsi. Hopsi ni maua machungu, kazi yake ni ile ya gome lako la msesewe. Kisha unapoza, unatia hamira.

Hapo kwenye kupoza ndipo uliponicheka kwenye simu. "Si uiache mpaka asubuhi?" Nimelifikiria sana swali lako, maana wewe umepika mbege tangu sijazaliwa, na sijawahi kukuona ukihangaika na kupoza. Ndizi unazipika mpaka ziwe nyekundu, unafunika, unakwenda kulala. Lakini mbege yako ukishaitia mso wa ulezi, keshoye iko kilabuni, na keshokutwa pipa limekauka. Wadudu wa kuiharibu wakifika wanakuta watu wameshamaliza. Bia hii inakaa wiki mbili kwenye ndoo na wiki mbili nyingine kwenye chupa kabla mtu hajaonja. Ikilala vuguvugu usiku kucha huku hamira haijaingia, kila kidudu kinachopita hewani kinaingia kwanza, na kina mwezi mzima wa kustarehe. Hamira nayo ukiiwahisha kwenye togwa la moto inakufa. Kwa hiyo ni mbio: kutoka nyuzi 100 mpaka 20, haraka iwezekanavyo.

Wapikaji wa hapa wana sababu nyingine mbili. Togwa la shayiri likikaa na joto lake limefunikwa, linatengeneza kemikali fulani yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha. Kwao hiyo ni dosari kubwa. Nimewaambia kwetu mtu akisikia harufu hiyo anasogeza kiti, hawakucheka. Ya pili, likipoa ghafla protini zinagandamana na kuzama chini, na bia inakuwa angavu hata ikitoka kwenye friji. Ninyi mbege ikiwa angavu mngedai mmepunjwa.

Basi nikaunda koili. Mrija wa shaba laini wa inchi 3/8, urefu futi 50, kama mita 15, unauzwa ukiwa umezungushwa tayari kwenye boksi. Bei yake ukiigeuza shilingi unapata mbuzi, tena si mbuzi wa kudharau. Chuma cha pua ni rahisi kusafisha, lakini shaba inapitisha joto zaidi ya mara 20 kukipita, na kwenye mbio huwezi kuchagua mguu mzito.

Jirani yangu ni fundi bomba mstaafu. Alileta kiti chake mwenyewe, akakaa katikati ya gereji yangu, akawa ananielekeza kwa fimbo. Mrija unauzungushia kitu cha mviringo chembamba kuliko sufuria yako. Mimi nilitumia sufuria ya maharage. Unakwenda kwa kiganja, si kwa vidole, maana vidole vinaminya. Kwenye kona kali unauvisha springi ya chuma kwanza, kwa kuwa shaba ikishajikunja imejikunja, hainyooki tena ikasahau. Kila nilipoharakisha aligonga sakafu kwa fimbo. Alichosisitiza kuliko vyote ni ncha mbili: zipande juu, zivuke ukingo wa sufuria na kushuka nje, ndipo zikutane na mipira ya maji na kubanwa kwa klempu. Hivyo mpira ukivuja, unavujia sakafuni, si kwenye bia. Hilo peke yake lilistahili kile chakula cha mchana alichokula.

Dakika 15 kabla ya kuzima moto, koili inatumbukizwa kwenye togwa linalochemka, wadudu wafe. Siku ya kwanza ilipotoka nilishangaa: sehemu iliyozama ilikuwa imetakata, ya waridi, mpya, sehemu ya juu bado ya kahawia, na mpaka kati yao umenyooka kama umepigwa rula. Ule ukali kidogo wa togwa unakwangua kutu ya shaba. Ndiyo maana nami naisugua kwa siki kabla, kwa kuwa kutu ya kijani ya shaba ni sumu, na sikusudii kuinywa.

Maji ya bomba ya mji huu yanatoka mto Mississippi. Mwezi huu mto umeganda juu, kwa hiyo yanayofika jikoni yanauma meno, na ukiwa unakoroga togwa taratibu kazi inaisha upesi. Julai maji hayohayo ni vuguvugu, na wenzangu wanaweka koili ya pili kwenye ndoo ya barafu ili yapoe kabla ya kuja kupoza.

Utauliza: theluji yote hiyo nje, koili ya nini? Mfanyakazi mwenzangu alifikiri hivyohivyo, akaichimbia sufuria kwenye theluji uani. Theluji iliyoigusa ikayeyuka, ikabaki nafasi ya hewa pande zote, na sufuria ikakaa mle imevalishwa blanketi. Alipokwenda kulala ilikuwa bado inafuka.

Kuhusu maji, usinigombeze. Nimelelewa penye zamu za mfongo, najua watu wanavyotoana ngeu kwa saa moja ya maji. Yale ya kwanza yanayotoka ya moto kabisa yanaosha masufuria. Yanayofuata yanaingia kwenye mashine ya kufulia. Shuka zangu hazijawahi kuwa safi hivi.

Sasa sheria, na Baba Mkubwa asogee karibu. Nchi hii ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933, na sheria ya kuisimamia ilibeba jina la Andrew Volstead, mbunge wa jimbo hilihili ninaloishi. Marufuku ilipoondoka, divai ya nyumbani iliruhusiwa, bia ya nyumbani ikasahauliwa. Ikabaki hivyo mpaka Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini ruhusa: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi, bila kodi, ilimradi huuzi. Galoni 200 ni zaidi ya lita 750. Upishi mmoja unatoa lita 19, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Pombe kali haimo kwenye ruhusa hiyo. Rudia hapo, Shangazi.

Nina jambo moja la kukuomba. Ulezi mzima wa mso nimeupata duka la Wahindi, nimeshauotesha na sasa unakauka juu ya friji. Kuna mtu wa Machame anakuja Aprili, na amesema kama ni halali mpakani ataleta gome la msesewe. Nataka lichukue nafasi ya hopsi kwenye lita 19. Niambie nitie kiasi gani. Na tafadhali usiseme "kiasi tu", wala "utaona mwenyewe", wala usinioneshe kiganja kwenye video kama mara ile. Weka gome kwenye mzani wa duka la nyama hapo chini, unitumie namba.