Tano bora za kupanga stadi za michezo, kutoka njia panda ya Misigiri

Misigiri ni njia panda. Barabara kuu ya Singida–Nzega inapita, ya Kiomboi inachepuka, na mabishano ya mpira yanabaki palepale. Leo tubishanie jambo ambalo kocha wa kijijini analihitaji kuliko jezi mpya: stadi za mwendo wa mwili zinapangwaje? Tunaanza na mpangilio dhaifu, tunapanda hadi mfalme.

5. Misuli mikubwa au midogo
Kuruka juu na kurusha mkuki kunadai mwili mzima; kulenga kwenye meza ya puli kunadai vidole vilivyotulia. Ndiyo, mcheza puli ni mwanamichezo. Anayebisha ashike fimbo tumwone. Ila mpangilio huu haumwambii kocha afanye nini kesho, basi abaki mkiani.

4. Rahisi au changamano
Hesabu maamuzi. Mita 100: kimbia. Kiungo mwenye mpira: pasi, chenga, shuti au rudisha nyuma, na beki hasubiri jibu.

3. Ina mwanzo na mwisho?
Kurusha tufe kunaanza na kuisha. Miruko mitatu ni vipande vilivyoungwa, na kila kipande waweza kukifundisha peke yake. Kukimbia ni mzunguko usiokatika. Hakuna kocha anayefundisha mguu wa kushoto Jumatatu na wa kulia Jumanne!

2. Nani anashika saa?
Hapa ndipo utamu unapoanza. Christchurch, 1974: Filbert Bayi alitangulia tangu mwanzo wa mita 1500 na kuvunja rekodi ya dunia kwa 3:32.2. Saa ilikuwa yake. Tokyo, Septemba 2025: Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alimaliza kilomita 42.195 sambamba na Mjerumani Amanal Petros, akamshinda kwa sekunde 0.03. Ukisema mbio ndefu ni mwendo wako mwenyewe tu, mweleze Petros. Kipa naye? Saa yake iko mguuni mwa mpigaji.

1. Wazi au funge
Mfalme huyu. Mwanasaikolojia E. C. Poulton alileta wazo hili mwaka 1957. Barbara Knapp, mwaka 1963, akaliingiza michezoni kama mstari mmoja wenye ncha mbili. Stadi funge hufanyika katika mazingira yaliyotulia, wazi katika yanayobadilika.

Ushahidi uko jirani, wilayani Mkalama, kwa Wahadzabe. Mpiga mshale wa Olimpiki analenga duara la sentimita 122 lililosimama mita 70 mbele yake. Mhadzabe analenga mnyama mwenye masikio, pua na miguu minne ya kukimbilia. Wote wameshika upinde, lakini stadi zimeachana kabisa!

Kwa hiyo stadi funge irudie vilevile mpaka mwili uizoee. Stadi wazi ibadilishie hali kila mara. Kocha anayewapanga watoto wapige pasi katikati ya vijiti anafundisha stadi funge, halafu Jumamosi anashangaa mbona hawaoni mtu. Kijiti hakikabi, mwalimu. Ng'oa viwili, ingiza mabeki wawili.

Na penalti? Mpira umetulia mita 11 kutoka mstari wa goli, hivyo inaelekea funge; kipa anayekusoma macho anaivuta upande wa wazi. Ifanyie mazoezi kipa akiwepo, tena yule msumbufu kuliko wote.