Usiku wa Tangi na Nyota Sita

Ugomvi ulianza kwa ajili ya nyota mbili. Kulwa na Doto, mapacha wetu, walisikia shuleni kwamba angani kuna kundi la nyota liitwalo Mapacha, wakagawana papo hapo. Kulwa, aliyetangulia kuzaliwa, akachukua Castor, kwa kuwa Johann Bayer aliipa herufi ya kwanza katika ramani yake ya nyota ya mwaka 1603. Doto akachukua Pollux, ambayo kwa kweli ndiyo inayong'aa zaidi. Basi kila jioni ikawa mabishano ya nani mkubwa. Baba yao akaona dawa ni kuwaonyesha. Akaazima darubini ya lenzi ya milimita 70 kwa mwalimu mwenzake, tukasubiri usiku usio na mwezi.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari hapa Tanga, kaskazi inavuma na joto halilaliki. Majira hayo, saa tatu usiku, Mapacha huwa juu upande wa kaskazini. Na upande wa kaskazini wa paa letu dogo la zege ndipo lilipokaa tangi la maji.

Nyumba yetu ina watu wazima sita: mimi na Baba Kulwa, shemeji yangu na mkewe, na wakwe zangu, waliohama Tabora wakaja kukaa nasi, ambao chumba chao kiko uani. Shemeji ni mwepesi wa kusaidia. Alipoona tangi limeziba anga alisema, "Shemeji, hili tunalisogeza kidogo tu, halina maji mengi." Yeye na kaka yake wakaegemeza mabega, wakasukuma. Tangi likasogea, lakini bomba lililounganishwa chini yake likabaki pale pale, na yunioni ikakatika kwa mlio uliosikika hadi uani.

Maji yakakimbilia ngazi, na ngazi ya nyumba hii inashukia jikoni. Mke wa shemeji akauwahi mfuko wa sembe, lakini nusu yake ilikwisha kulowa. Mkaa ukaelea, vitunguu vikafuata mkondo hadi mlangoni. Nilivua kanga zote kwenye kamba nikazirundika kizingitini, maji yasiingie chumba cha watoto. Huko juu Baba Kulwa alikuwa ameziba tundu kwa kiganja, maji yanamruka kifuani, na mkono wa pili ameikumbatia darubini ya watu.

Aliyetuokoa ni Mama, mkwe wangu. Alipanda ngazi taratibu, mkononi ana gunzi la hindi tulilochoma jioni na kipande cha kitenge kikuukuu. Alilizungushia gunzi kitambaa, akakilowesha, akakaza. "Ukisikia nimesema toa, toa mkono." Akalisokomeza tunduni huku akilizungusha, kisha akaligonga kwa kandambili mpaka likazama. Mkondo ukawa matone, matone yakakoma. "Vibuyu vya asali tulivizibia hivi hivi," alisema, akafuta mikono.

Kufikia saa nne jikoni palikuwa pamekaushwa, lakini usingizi ulikuwa umewaruka wote. Tangi lilikuwa limekwisha sogea na anga ya kaskazini iko wazi. Tukapanda na mikeka, nyumba nzima.

Kuipata Castor si kazi. Anzia Orioni, lile kundi lenye nyota tatu zilizopangana katikati. Chukua Rigel, nyeupe, upite Betelgeuse, nyekundu, kisha uendelee na mstari huo huo mpaka ufike kwenye nyota mbili jirani. Ya manjano ni Pollux, nyeupe ni Castor. Mama alianzia kwake, kwenye Kilimia, kwa sababu ndicho alichofundishwa kutazama msimu wa kulima.

Kulwa ndiye aliyetangulia kuweka jicho. "Ziko mbili!" Nilipotazama nami niliziona: pale palipokuwa na nuru moja kwa macho matupu palikuwa na nukta mbili nyeupe, moja imeizidi nyingine kidogo, na kati yao ufa mwembamba wa giza. William Herschel alizipima kwa miaka mingi kutoka Uingereza, na mwaka 1803 akaeleza kwamba nyota za namna hii hazikupangana machoni tu, bali zinazungukana. Mbili hizi huchukua karibu miaka 450 kukamilisha mzunguko mmoja.

Kila moja kati ya hizo ina mwenzake asiyeonekana kwa darubini. Wataalamu humjua kwa kuchambua rangi za nuru, maana mistari yake husogea huku na huku kwa zamu isiyobadilika. Jozi ya kwanza huzungukana kwa siku 9 hivi, ya pili kwa siku 3 kasoro kidogo. Kisha, mbali kidogo, iko jozi ya tatu: nyota mbili ndogo nyekundu, hafifu, zinazozungukana kwa muda usiofika saa 20 na kufunikana kwa zamu.

Baba mkwe alisikiliza maelezo yangu hadi mwisho. "Na hao wawili wa pembeni, wamo katika hesabu?"

"Wamo, Baba. Wanawazunguka wenzao kwa maelfu ya miaka. Uvutano uliowashika ni ule ule."

Mama yeye aliuliza umbali. Nilimwambia nuru anayoiona iliondoka huko miaka 51 iliyopita. Akahesabu. "Mwaka wa Operesheni Vijiji," akasema. "Tulikuwa tunahamishiwa kijijini, tunabeba milango kichwani." Akarudisha jicho kwenye darubini, na hakuna aliyemharakisha.

Tangu usiku ule ninaamini jambo moja kwa moyo wote. Hakuna hata moja kati ya nyota zile sita iliyosimama. Ikisimama itaangukia nyenzake. Zimedumu pamoja kwa kuwa kila moja iko mwendoni na kila moja inavutwa na zilizobaki. Usiku wa tangi hakuna aliyepewa kazi, wala aliyekaa. Mmoja alishika unga, mwingine kanga, mwingine tundu, na aliyedhaniwa amelala uani ndiye aliyekuja na gunzi. Nyumba ya watu wengi husimama kwa mwendo wa namna hiyo, na watoto wetu wameuona kwa macho yao.

Gunzi lilishika mpaka fundi alipokuja asubuhi. Alitaka alirudishe tangi lilipokuwa, bomba lisiongezwe. Mama akamkatalia. Alimwambia aongeze bomba na alifunge hapo hapo lilipo, kwani Doto bado hajaitazama nyota yake.