Pikipiki ya Daktari wa Ng'ombe

Nchi ya Kericho imejaaliwa mvua kwa ukarimu usio na kifani: takriban milimita 2,000 kwa mwaka, aghalabu baada ya adhuhuri, pale upepo utokao Ziwa Viktoria unapopanda milimani, na mara nyingi ikiandamana na mvua ya mawe iliyo maarufu hata ng'ambo, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege ziliwahi kutumwa kuirushia dawa mawinguni ili isiyaangamize majani ya chai. Mchai huishukuru neema hiyo. Chuma hakina sababu ya kushukuru. Chochote cha chuma kilichoachwa bila wa kukiangalia, ama jembe ama lango la tajiri, huanza kurejea udongoni kabla mwenyewe hajakata shauri kukitupa.

Pikipiki ninayokusudia kuihadithia ilikuwa imelala katika banda la kuni upande wa Litein, kwenye njia iendayo Kapkatet, chini ya mabua ya mahindi na magunia yaliyopata kutiwa mbolea, na juu yake kuku walikuwa wamestakimu kwa muda mrefu kiasi cha kujiona wana hati ya kumiliki. Ilikuwa Yamaha AG100, aina iliyoundwa makusudi kwa ajili ya watu wa mashamba, kama herufi zake mbili za mwanzo zinavyoashiria: cheni yake imefichwa ndani ya sanduku la bati ili tope lisiifikie, nyuma ina keria pana ya kubebea mizigo, na injini yake ni ya mapigo mawili, yaani petroli na oili huungua pamoja na kutoka pamoja, kwa moshi wa samawati na kwa mlio mkali, wa puani, ambao aliyeusikia mara moja hauchanganyi tena na mlio wa pikipiki nyingine yoyote. Kwa nasaba ni mashine ya kujivunia, maana kampuni hiyo ya Kijapani ilianza kuunda pikipiki mwaka 1955 kwa kuiga DKW ya Wajerumani. Nilipomweleza mke wangu nasaba hiyo aliniuliza kama Wajerumani nao walikuwa wakifugia kuku juu yake.

Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu ambaye tarafa nzima humwita Daktari, mtu mpole, mwenye maneno machache. Bei tuliafikiana naye kabla chai haijapoa. Lililotukwamisha ni msimu, kwa kuwa ilikuwa Oktoba, mwezi ambao wakulima wadogo wa chai hulipwa bonasi yao, na katika mwezi huo hapana mtu mwenye haja ya kuuza kitu, wala hapana mwana anayekosa nyumbani. Wanawe wakaketi baraza. Wa kwanza akasema pikipiki ile ni urithi na urithi hauuzwi baba angali hai. Wa pili akakumbusha kwamba ndiyo iliyompeleka hospitali ya Kapkatet usiku wa homa, akapangusa macho. Wa tatu, ambaye ni mfanyabiashara, akauliza kuku watahamia wapi. Suala la kuku lilichukua sehemu kubwa ya mchana, na lilimalizika kwa mimi kuondoka na pikipiki, na jogoo, na kuku mmoja aliyekuwa anaatamia, ambaye ilisemwa kwamba kumtenga na kiti kile kungekuwa dhuluma.

Yafaa nieleze kwamba mimi ni mtu wa Mombasa, niliyeletwa huku na kazi ya ualimu nikiwa kijana, nikaoa, nikazoea baridi na maziwa ya mursik, nikastaafu nisione haja ya kurudi. Mstaafu ana kiu ya shughuli. Wenzangu wengine wamefuga nyuki, mmoja ameingia siasa. Mimi nikaona kufufua pikipiki ni jambo la salama zaidi kuliko hayo mawili.

Kwanza nilimwita fundi wa karibu, kijana wa stendi ya bodaboda, mwepesi wa mikono na wa maneno, aliyekulia katika enzi iliyoanza mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo na barabara zetu zikafurika mashine za Kihindi na za Kichina. Hizo zote ni za mapigo manne, na oili yake hukaa chini ya injini kwa adabu. Akalala chali tumboni mwa Yamaha, akitafuta nati ya kumwagia oili ya injini, aliyoipata ilikuwa ya gia, akaimwaga, akainuka na kuniambia kwa huzuni, "Mwalimu, hii haina hata sehemu ya kubadilishia oili. Ilitengenezwa na watu wenye haraka." Kisha akaigonga ekzosi kwa spana ili asikie kama imeoza. Haikuwa imeoza. Ilikuwa imekaliwa, tangu zama zisizojulikana, na kabila kubwa la nyigu, ambao hawakuona tofauti kati ya fundi na mteja. Kijana alikimbilia ndani ya michai, mimi nikakimbilia jikoni, na jogoo, ambaye hakuhusika kwa vyovyote, ndiye aliyeumwa zaidi.

Tangi nalo lilikuwa limejaa kutu ndani, na dawa ya kutu ya namna hiyo, kama nilivyoagizwa, ni kutia kokoto na maji, kufunga mfuniko, na kulitikisa hadi kutu ing'oke. Mchana mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo nililitikisa usiku, sebuleni, nikisimama na nikikaa, na kwa kuwa kazi ilikuwa ndefu nilijiburudisha kwa nyimbo za kwetu za harusi, tangi likiitikia mikononi kama kayamba. Sikufikiria kwamba majirani, watu wa Mungu wasiokosa ibada ya Jumapili, walikuwa wamelelewa kwa hadithi za majini ya Mombasa. Asubuhi yake mzee wa kanisa alibisha hodi, akaketi, akanywa chai, akatazama pembe zote za nyumba, akauliza kwa upole mkubwa kama kuna kitu chochote ninachofuga. Nikamwambia ninafuga jogoo. Akaomba amwone. Nikamtoa jogoo, uso umevimba kwa nyigu, jicho moja limefumba. Mzee akaomba dua fupi, akaondoka bila kumaliza chai.

Kabureta ya awali ilikuwa imeliwa, basi nikamwandikia mpwa wangu Mombasa, naye akaniletea nyingine kwa basi, safi na inayong'aa. Iliwasha injini. Mlio wa injini ulidumu muda wa kusema bismillahi, kisha ukakwama, na plagi ilipofunguliwa ilikuwa nyeusi tititi imelowa petroli. Fundi kijana alipouona moshi akatangaza kwamba ringi za pistoni zimekufa, tufanye mazishi. Hapo ndipo nilipoipakia maiti kwenye pikapu hadi mjini Kericho, kwa fundi mzee wa nyuma ya soko, ambaye aliisikiliza kwa mbali akiendelea kula mahindi ya kuchoma. "Moshi ni pumzi yake," akasema. "Siku isipotoa moshi ndiyo uililie." Ugonjwa wenyewe akautaja bila kunawa mikono: kabureta ya pwani imepimiwa hewa nzito ya baharini, na hapa, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano, kwa hivyo petroli inazidi na injini inakabwa. Akabadilisha jeti akatia yenye tundu dogo, akaishusha sindano kidogo, akanitazama. "Hata wewe ulipokuja kwetu ulikuwa unahema hivyohivyo, Mwalimu." Ilikuwa kweli, ila sikujua kwamba watu walikuwa wakiangalia.

Habari za hati za umiliki, mihuri na foleni nitaziruka, kwa kuwa msomaji ana zake.

Siku ya kuijaribu nilichagua asubuhi kavu, nikavaa koti na kofia ya chuma, nikaipiga teke, ikaitika. Nikashika njia baina ya mashamba ya chai, mlio wa puani ukitangulia na moshi wa samawati ukifuata, moyo wangu umejaa fahari isiyomstahili mtu wa umri wangu. Kwenye kona ya kwanza mama mmoja alikuwa amesimama barabarani akiinua mikono yote miwili, kando yake ng'ombe aliyefungwa kamba. "Chamge, Daktari! Tuliambiwa ulistaafu!"

Udaktari wa mwenye pikipiki sasa ukadhihiri. Tangu kituo cha Kabete kilipoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za kutunzwa, na zaidi baada ya huduma hiyo kuenezwa nchini kuanzia 1966, wakulima wengi wa huku wamewapata Friesian na Ayrshire wao kutokana na fahali wasiowahi kuwaona, walioletwa ndani ya mtungi wa naitrojeni wenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Na mtungi huo, kwa miaka mingi, ulisafiri juu ya keria ya Yamaha yangu. Joto la ng'ombe hudumu takriban saa kumi na nane tu, na mwenye ng'ombe hana nafasi ya kuuliza maswali. Anasikia mlio, anatoa ng'ombe.

"Mama, mimi ni mwalimu wa Kiswahili," nikamwambia.

"Hata yule alikuwa akifundisha shule ya Jumapili," akanijibu, akimsogeza ng'ombe karibu. "Mara hii nataka dume la maziwa mengi."

Mbele, kwenye kizimba cha mbao kando ya njia, walikuwa wakinisubiri watatu wengine, na kijana mmoja alikuwa akiteremka mlima mbio na mtamba. Ikabidi tumpigie simu mpandishaji wa siku hizi, kijana hodari, aliyefika baadaye kwa pikipiki mpya isiyo na moshi, akihuzunika kwamba yeye hupita njia ile mchana kutwa na hakuna anayemjua, kwa sababu mlio wake ni mlio wa bodaboda zote. Akaizunguka Yamaha, akauliza bei. Nikamwambia haiuzwi. Basi tukapatana vingine: petroli yake, oili yake, na mimi natangulia njiani kama mpiga mbiu, yeye akinifuata nyuma na mtungi. Kazi inaendelea vizuri. Mke wangu ameuliza kama ina pensheni.