Dola Tano kwa Sekunde

Mke wa dereva mmoja wa lori, mtu wa Tanga aliyehamia Houston, Texas, hana maneno mengi. Mumewe alipomwambia anataka kununua kitako kipya cha bunduki yake, bibie alichukua kalamu akageuza bahasha ya bili ya umeme. Risasi moja ya AR-15 huuzwa kama senti 50. Bunduki iliyofungwa kitako hicho hutema kati ya risasi 400 na 800 kwa dakika, tuseme 600. Hizo ni risasi kumi kwa sekunde, yaani dola tano kwa sekunde. Magazini ya kawaida hubeba risasi 30.

"Kwa hiyo, baba watoto," akasema, "unanunua kitu cha mamia ya dola ili kikusaidie kuchoma dola kumi na tano nyingine kabla sijamaliza kupiga chafya?"

Baba watoto akajibu kwamba mwanamume anayeishi Texas lazima awe na burudani yake. Mkewe akamkumbusha kuwa burudani anazo: ana jiko la kuchomea nyama ambalo bado limo ndani ya boksi.

Kitako chenyewe, ambacho wauzaji wa Marekani hukiita bampustoki, hakina maajabu ya kutazama. Ni ganda la plastiki linaloshika mahali pa kitako cha kawaida, ila bunduki haikazwi humo. Inateleza mbele na nyuma kama droo ya kabati. Risasi ikitoka, teke la bunduki linairudisha nyuma. Mkono wa mpigaji unaisukuma mbele. Kidole kimetulia pale pale, na kifyatulio ndicho kinachokuja kukigonga, kikarudi, kikaja tena. Mvivu hajawahi kutengenezewa kitu kinachomfaa zaidi: hata kuvuta kidole ameondolewa.

Kwa nini mtu ahitaji ujanja huu katika nchi iliyojaa bunduki? Kwa sababu rashasha halisi ni anasa ya wachache. Sheria ya mwaka 1934 ilitaka kila rashasha isajiliwe na kulipiwa ushuru wa dola 200, fedha ambayo wakati ule ilikuwa mzigo mzito. Mwaka 1986 Bunge likafunga mlango kabisa: raia haruhusiwi kumiliki rashasha yoyote iliyotengenezwa baada ya Mei mwaka huo. Zilizobaki zinazunguka sokoni kwa kupokezana, na M16 moja yenye hati zake inaweza kukugharimu bei ya pikapu mpya. Anayetaka mlio bila kuuza gari ndiye mteja wa plastiki.

Wa kwanza kuionja biashara hii kwa uchungu alikuwa Bill Akins wa Florida, aliyewahi kuwa askari wa Marine. Alibuni kitako chenye springi ndani yake, akapeleka kwa ATF, idara ya serikali kuu inayoshughulikia silaha, nao mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakamwandikia kwamba hakina tatizo. Akins akaanza kuuza, takriban dola 1,000 kimoja. Mwaka 2006 idara ileile ikakitazama tena na kuamua kwamba, kumbe, ni rashasha. Wateja wakaambiwa waing'oe springi. Bila springi, walichobaki nacho ni kipande cha plastiki cha dola 1,000, labda kwa kuzuia mlango upepo ukivuma.

Miaka minne baadaye akatokea Jeremiah Cottle wa Moran, mji wa Texas wenye watu wasiofika mia tano, aliyewahi kutumikia jeshi la anga. Kampuni yake, Slide Fire, ilipeleka kitako kisicho na springi. ATF ikajibu Juni 2010 kwamba kwa kuwa hakina springi wala sehemu inayojiendesha yenyewe, ni kipuri tu, na vipuri haviwahusu. Barua hiyo inasema, bila kucheka, kwamba kifaa kimekusudiwa kuwasaidia watu ambao mikono yao haina wepesi wa kutosha. Yeyote aliyekwisha kuona video za vijana wenye misuli wakikitumia jangwani atajiuliza ni mgonjwa gani huyo aliyefikiriwa.

Basi dereva wetu naye akataka kujaribu kabla ya kulipa, jambo la busara ambalo mkewe aliliruhusu kwa kauli moja: "Usirudi na kitu." Safari ya kwanza iliishia mapokezi. Viwanja vingi vya shabaha Marekani, hasa vya ndani, vina masharti ya kutopiga zaidi ya risasi moja kwa sekunde au kwa sekunde mbili, kwa sababu mwenye uwanja ndiye anayelipia dari, taa na kuta zinazotobolewa na watu wenye haraka. Msimamizi alikitazama kile kitako cha kuazima, akanyoosha kidole kwenye kibao ukutani, akarudi kwenye kahawa yake.

Safari ya pili ilikuwa shambani kwa rafiki yake, Mtexas mwenye eneo pana na kifusi kirefu cha udongo cha kukingia risasi. Hapo ndipo alipogundua kwamba kifaa cha wasio na wepesi wa mikono kinataka wepesi wa mikono. Mkono wa kushoto ukisukuma kwa nguvu kupita kiasi, bunduki hunyamaza. Ukilegea, inatoka risasi moja, basi. Alipata mbili, ikakwama. Alipata tatu, ikakwama tena. Mwenyeji wake akawa anasema "pole pole" kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayehesabu risasi zake mwenyewe.

Kisha ikakubali. Magazini nzima ikaondoka kwa mlio mmoja, na pamoja nao likaondoka ganda moja la shaba, moto moto, likapaa, likatua ndani ya kola ya shati lake. Wakufunzi wa shabaha huwaonya wanafunzi kufunga vifungo vya juu na kuvaa kofia kwa ajili ya hilohilo, na husisitiza kwamba hata ukiungua, mtutu ubaki umeelekea mbele. Kwa sifa yake, mtutu ulibaki mbele. Sehemu nyingine zote za mwili zilicheza chakacha.

Walipokwenda kukagua karatasi ya shabaha, mita 25 tu mbele, walikuta matundu mawili. Moja lilikuwa la pini.

Jeshi la Marekani lenyewe liliwahi kuiona hasara hii. Vietnam, askari wenye M16 walikuwa wakimaliza magazini nzima kwa taharuki, wakiyapiga majani. Ilipoletwa M16A2 katika miaka ya 1980, uwezo wa kumimina uliondolewa. Kila kidole kilipovuta zilitoka risasi tatu tu, mwisho. (Baadaye jeshi likabadili mawazo tena na kuzirudisha za kumimina katika M4A1. Vigeugeu wa silaha hawako ATF peke yake.) Lakini askari hao wana bunduki iliyotulia begani. Bampustoki inaacha bunduki nzima itembee wakati unalenga, na hakuna mpiga shabaha wa mashindano anayeomba kitu cha namna hiyo.

Kutolenga huko kuna mahali pamoja tu ambapo hakukuwa kasoro, na hapo mzaha unasimama. Usiku wa Oktoba 1, 2017, mtu aliyekuwa ghorofa ya 32 ya hoteli ya Mandalay Bay, Las Vegas, alimimina zaidi ya risasi 1,000 kwa muda wa takriban dakika kumi juu ya umati wa watu zaidi ya 20,000 kwenye tamasha la muziki. Bunduki zake nyingi zilikuwa na vitako hivi. Waliuawa watu 58. Wengine wawili walifariki kwa majeraha yao miaka iliyofuata, na mamia walipona wakiwa na majeraha ya risasi. Mtu anayepiga kwenye umati kama ule hahitaji shabaha. Ni vigumu kutaja matumizi mengine ambayo kifaa hiki kilifanya vizuri zaidi.

Mwaka uliofuata Slide Fire ikaacha kupokea oda, na Desemba 2018 serikali ya Trump ikatangaza kuwa vitako hivi ni rashasha kisheria. Wenye navyo, ambavyo ATF ilikadiria vinaweza kufika 520,000, walipewa hadi Machi 26, 2019 kuviharibu au kuvikabidhi. Muuzaji mmoja wa Fort Worth, RW Arms, alikabidhi 60,000 vikasagwe mashineni. Fidia? Hakuna. Waliokwenda mahakamani kuidai walishindwa katika rufaa mwaka 2021.

Michael Cargill, mwenye duka la bunduki mjini Austin, alikabidhi vyake viwili huku akilalamika, kisha akaishtaki serikali. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na watu wenye elimu kubwa kuliko wote nchini wakatumia nguvu zao kutafakari mwendo wa kidole kimoja. Juni 14, 2024, kwa kura sita dhidi ya tatu, Jaji Clarence Thomas akaandika kwamba kifyatulio kinagongwa upya kwa kila risasi, kwa hiyo si rashasha. Hukumu yake ina michoro ya matumbo ya bunduki ambayo fundi yeyote angeipenda. Jaji Sonia Sotomayor akapinga: kinachotembea, kuogelea na kulia kama bata, yeye anakiita bata. Kwa herufi ya sheria Thomas ana hoja. Kwa masikio, bata ni bata.

Hivyo kitako kikarudi madukani, na hapo ndipo dereva wetu alipopata hamu. Alichosahau kuuliza ni kwamba hukumu ile iliondoa kanuni ya serikali kuu tu, haikugusa sheria za majimbo. California inavikataza. Nevada ilivipiga marufuku mwaka 2019. Florida ilifanya hivyo mapema zaidi, Machi 2018, wiki chache baada ya mauaji ya shuleni Parkland, na huko kukutwa nacho tu ni kosa la jinai linaloweza kukufunga miaka mitano.

Shemeji yake anaishi Orlando. Kila mwaka familia huenda huko kwa gari, na buti la gari hilo ndimo dereva anamosahau kila kitu: jeki, viatu vya mpira, mara moja hata kuku wa kugandishwa. Mkewe alimsomea kifungu cha sheria ya Florida kwa sauti, kisha akamwuliza kama ana hakika, hakika kabisa, kwamba siku ya safari atakumbuka kukitoa.

Alifikiri kwa muda mrefu. Wiki hiyo jiko la nyama likatolewa kwenye boksi.