Koti la Mahojiano

Vyeti vilikuwa tayari wiki nzima. Cha kodi, cha HELB ya mikopo ya wanafunzi, cha tabia njema kutoka kwa polisi, ripoti ya madeni ya CRB, fomu ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi: vyote ambavyo kijana wa Kenya huambiwa avilete kwa ajili ya Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, ile ya uongozi na uadilifu, vilikuwa ndani ya bahasha juu ya kabati. Kitindamimba wetu alikuwa ameitwa mahojiano ya kazi ya uhasibu, saa tatu asubuhi, hapa Machakos mjini. Kilichobaki ni nguo, na nguo ndizo zilizotunyima usingizi.

Suti alikuwa nayo. Mama yetu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, aliichagua mwenyewe kwenye mitumba sokoni. Aligeuza mifuko nje, akanusa makwapa, akavuta mshono wa bega mpaka muuzaji akaguna. Ilikuwa ya buluu iliyokoza, sufu isiyong'aa. Fundi wa cherehani akapunguza mikono na kukunja upya pindo la suruali. Mwaitu anajua jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi: koti likikukaa sawa mabegani, hakuna atakayeuliza lilitoka wapi.

Usiku wa kuamkia mahojiano, shati lilipowekwa mezani lipigwe pasi, stima ikapotea. Tukangoja. Saa nne, bado giza. Mwaitu akaingia stoo, akatoka na pasi ya makaa, ile ya chuma yenye jogoo kwenye kifuniko, akaipepea mlangoni huku cheche zikiruka uani. Shati likanyooka. Suruali ikapata mkunjo uliosimama. Zamu ya koti ilipofika, kifuniko kikaachia kidogo, na kaa dogo kama punje ya hindi likadondokea kifuani upande wa kushoto. Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Mwaitu alilipangusa kwa kiganja, lakini tundu lilikuwa limekwisha kuingia. Kijana akaketi juu ya gunia la maharagwe, asiseme neno.

Mjomba, aliyekuwa mgeni wetu, akaenda chumbani akarudi na suti yake ya Kaunda, ya kijivu, mikono mifupi.

"Vaa hii, mpwa wangu. Hata Rais huivaa."

"Mjomba, samahani," dada akasema, "Spika Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023. Alitaka koti, kola na tai."

"Kwani anakwenda bungeni?"

Mjadala ukafika saa sita. Mimi naamini marufuku ile ilikuwa kosa. Vazi lililobeba jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, lina heshima yake popote. Lakini nilisimama na dada. Kijana anayetafuta kazi ya kwanza asitwikwe hoja hiyo mbele ya jopo asilolijua. Aingie na vazi ambalo hakuna atakayelijadili, ili wasikilize majibu yake. Isitoshe, suti yenyewe ilikuwa imeshonewa tumbo la mjomba.

Alfajiri Mwaitu akajitanda leso, akabisha kwa jirani, mwalimu mstaafu. Akarudi na koti la kijivu lililofungwa kwa shuka. Lilimzidi kijana kidogo kiunoni; mabegani lilimkaa. Na suruali ya buluu likapatana vizuri. Dada akamfunga tai, akamkagua kucha. Viatu vilivyopigwa rangi akavibeba mkononi na kutembea kwa akala mpaka kwenye lami, maana vumbi jekundu la njia yetu lingevimaliza kabla hajafika stendi.

Jopo halikuuliza lolote kuhusu koti. Walimuuliza jinsi ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, naye akawaeleza. Barua ya kazi ilikuja mwezi uliofuata.

Mwalimu alipopelekewa koti lake alikataa kulipokea. Alisema limfae mwingine, na tangu hapo limekwenda mahojiano na vijana kadhaa wa mtaa, likirudi kwa Mwaitu kupigwa pasi mchana, stima ikiwapo. Wewe uliye na koti zuri ambalo hujalivaa tangu harusi ya mwaka juzi, ulizia mtaani kwako ni nani ameitwa mahojiano, umpelekee siku mbili kabla, apate muda wa kulijaribu.